Kuendesha Baiskeli katika Vilima vya Kigoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Je, Kigoma, pamoja na milima yake yote, ni mahali pa kuendeshea baiskeli?

Ndiyo, tena ni mahali pazuri mno, mradi anayeendesha akubali kwamba hapa safari hupangwa kwa mwinuko kabla ya kupangwa kwa kilomita. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, na mji umejengwa juu ya vilima vinavyoanzia majini, kiasi kwamba barabara kuu inayoanzia mbele ya stesheni ya reli hupanda papo hapo, chini ya miembe mikubwa, kuelekea mtaa wa Mwanga. Mtu aliyezoea baiskeli ya Tabora, ambako unaweza kukanyaga pedeli saa nzima bila kukutana na mlima wa maana, hufika hapa akadhani kilomita 15 ni jambo dogo, na akiwa katikati ya mpando wa kwanza hutambua kwamba kipimo chake hakimfai.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza njia ina urefu gani, uliza inapanda mara ngapi, inapanda upande gani wa kilima, na mteremko wake unaishia wapi. Majibu yote yanayofuata yamejengwa juu ya maswali hayo matatu.

Ni saa ngapi nzuri ya kuanza safari?

Asubuhi, na sababu yake ni kubwa kuliko ubaridi wa hewa peke yake. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, lakini saa zake ni zilezile za Dar es Salaam, hivyo jua huchomoza na kuzama takriban dakika 40 baadaye kuliko pwani. Kwa sehemu kubwa ya mwaka kunapambazuka karibu na saa moja asubuhi, na jua huzama kwenye saa moja jioni au dakika chache baadaye. Aliyezoea kutoka saa kumi na mbili kamili pwani atajikuta hapa bado yumo gizani, na giza la barabara isiyo na taa, yenye mashimo na ng'ombe, si la kuchezea.

Jambo la pili ni upande wa vilima. Miteremko inayotazama ziwa inatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi inakuwa kivulini kwa muda mrefu baada ya jua kuchomoza, na kuanzia saa nane mchana hupigwa na jua uso kwa uso bila huruma. Kutokana na hali hiyo, kila mpando unaotoka ziwani kuelekea juu ufanye asubuhi, na ikiwa njia yako inakulazimisha kupanda kutoka ufukoni alasiri, basi subiri hadi saa kumi na moja jua lipungue makali. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu watu wengi wanaoishiwa nguvu kwenye milima ya Katonga au Kibirizi ni watu wenye afya njema kabisa, waliochagua saa mbaya tu.

Na msimu je?

Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, ndicho kipindi rahisi kuliko vyote, kwa kuwa barabara za udongo huwa kavu na asubuhi ni za baridi nzuri. Upungufu wake ni vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa, ambao kuanzia Julai huweza kuifunika kabisa milima ya Kongo iliyo ng'ambo ya ziwa, hata mtu akakaa wiki nzima bila kuiona. Upepo wa kusini-mashariki nao huvuma kwa nguvu katika miezi hiyo, na unapotoka Ujiji kurudi mjini unakusukuma, ilhali ukienda unakukabili.

Mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Wengi huiweka baiskeli ndani kipindi hicho, lakini kwa maoni yangu wanakosa sehemu bora ya mwaka. Mvua ikishakatika, hewa husafishika, milima ya Kongo hujitokeza kana kwamba imesogezwa karibu, na vilima vya Bangwe ambavyo vilikuwa vya kahawia huwa kijani hadi majini. Sharti ni kuachana na njia za udongo mwekundu kwa siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, kwani udongo huo hunasa kwenye magurudumu na kujaa kwenye breki mpaka tairi haizunguki, na kubaki kwenye barabara za lami za Ujiji na Mwandiga.

Mimi ni mgeni. Nianze na njia ipi?

Anza na Ujiji. Kutoka Mwanga kuelekea kusini ni lami, miinuko yake ni ya wastani, na umbali ni takriban kilomita 8 hadi 10 kulingana na unapoanzia, kwa hiyo kwenda na kurudi ni asubuhi moja isiyochosha. Ubaya wake ni magari: daladala, bajaji na bodaboda ni nyingi katika barabara hiyo, hasa kuanzia saa mbili asubuhi, ndiyo maana siku ya Jumapili mapema hufaa zaidi.

Ujiji kuna nini cha kumfanya mtu asimame?

Kuna mengi kuliko yanayoonekana na mtu anayepita kwa haraka. Kabla Kigoma haijawa mji, Ujiji ndiyo iliyokuwa bandari na soko la ziwa zima, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, ikibeba pembe za ndovu na watu waliotekwa utumwani. Njia hiyo imo tangu mwaka 2006 katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia wa UNESCO, na Ujiji ni mojawapo ya vituo vyake. Wavumbuzi wa Kiingereza Burton na Speke walifika hapa Februari 1858, na mwaka 1871 mwanahabari Stanley alimkuta mmisionari Livingstone hapa hapa, mahali ambapo leo pana mnara wa kumbukumbu na jumba la makumbusho chini ya miembe.

Ninachowasihi wageni ni wasiishie kwenye mnara. Mnara unaeleza mkutano wa watu wawili waliopita, na ni halali uelezwe, lakini mji wenyewe ni wa watu walioujenga na ambao vizazi vyao wangali hapa: nyumba za baraza, misikiti, vichochoro vya mchanga na Kiswahili kilichotua bara zamani sana, miaka mingi kabla ya reli. Shuka kwenye baiskeli, ikokote kwa mkono katika vichochoro hivyo, na endelea hadi ufukoni, ambako mafundi huunda maboti ya mbao kwa misumeno, tezo na nyundo. Kazi hiyo huwezi kuielewa kwa kuitazama dakika tano. Omba ruhusa kwa fundi mkubwa, kaa kivulini, na utaona jinsi ubao unavyokunjwa taratibu ukafuata ubavu wa boti.

Mwenye nguvu bado anaweza kusonga kusini zaidi kuelekea bonde la Mto Luiche, ambako ardhi imelala na kuna mashamba ya mpunga na michikichi. Hapo, kama katika njia ya Ujiji, baiskeli isiyo na gia inatosha kabisa. Wakati wa masika, hata hivyo, bonde hujaa maji na njia nyingi hukatika, hivyo uliza kwa wenyeji kabla hujaingia.

Njia ya Bangwe na Katonga ikoje?

Ni fupi na ngumu, nami naipenda kuliko zote. Kutoka mjini inaelekea kusini-magharibi, ikiipita bandari na kuingia katika rasi ya Bangwe, kisha inapanda na kushuka mara kadhaa mfululizo huku ziwa likionekana mara kulia, mara mbele yako. Bandarini ndiko makao ya meli ya MV Liemba, iliyoundwa Papenburg nchini Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kuletwa Kigoma kwa reli, ambayo yenyewe ilikuwa imefika hapa mwaka 1914. Iliingia majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916 walipokuwa wanazidiwa vitani, ikaopolewa na Waingereza mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina ililonalo mpaka leo. Ukisimama juu ya kilima na kuiangalia ghuba hii ndogo iliyozungukwa na milima, unaelewa mara moja kwa nini reli iliishia hapa badala ya Ujiji: maji ya ghuba ni ya kina na yamekingwa dhidi ya upepo.

Katonga ni kijiji cha wavuvi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, katika siku zisizo na mbalamwezi, na asubuhi hushushwa kwenye mwalo na kuanikwa. Ukifika mapema wakati wa giza la mwezi utakuta shughuli imepamba moto, na ukifika wakati wa mwezi mpevu utakuta nyavu zimetandazwa na watu wanazirekebisha. Kuna pia vipindi ambavyo serikali hufunga uvuvi ziwani ili samaki wazaliane, kama ilivyofanywa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Katika kipindi kama hicho usitarajie kuona dagaa kwenye mwalo.

Kupita Katonga barabara huwa ya changarawe na miteremko yake ni mikali, na ndiyo inayokufikisha kwenye ufuko wa Jakobsen, ghuba ndogo za mchanga zilizo chini ya vilima vyenye miti, ambako mtu hulipa kiingilio. Mteremko wa mwisho ushukie kwa miguu ikiwa breki zako zina shaka yoyote. Na kumbuka kwamba ulichoshuka utakipanda, tena kikitazama jua la alasiri. Kwa hiyo ama uondoke ufukoni kabla ya saa tano asubuhi, ama ukae huko hadi jioni ianze.

Naweza kuogelea baada ya safari?

Sehemu nyingine ndiyo, sehemu nyingine hapana. Maji ya Ziwa Tanganyika ni maangavu sana, na samaki wadogo wa rangi huonekana miambani bila kupiga mbizi, lakini ziwa hili ni la pili kwa kina duniani, lenye kina cha takriban mita 1,470 katika sehemu yake ya ndani kabisa, na ufuko wake katika sehemu nyingi huporomoka ghafla hatua chache tu kutoka mchangani. Asiyejua kuogelea asivuke magoti. Epuka midomo ya mito kama Luiche, kwa sababu ya mamba, na epuka maji yaliyotulia yenye majani karibu na makazi, ambako konokono wa kichocho huishi. Katika miamba kuna pia nyoka wa majini mwenye sumu, ambaye hula samaki na kwa kawaida humkimbia mtu. Ukimwona, mwachie nafasi.

Zaidi ya yote, usijitose ukiwa na jasho na mapigo ya moyo yangali juu baada ya kupanda mlima. Kaa kivulini kwanza, kunywa maji, na ingia taratibu.

Kuna njia gani upande wa kaskazini?

Ya kwanza ni ya Kibirizi, kilomita chache tu kutoka katikati ya mji, na baada ya hapo Kalalangabo. Kibirizi ni mwalo mkubwa na soko, ambako maboti ya abiria na mizigo huondoka kwenda vijiji vya mwambao. Pana kelele, harufu ya dagaa, mapipa ya mafuta, magunia na watu wengi, na kwa mwendesha baiskeli maana yake ni kushuka na kukokota. Kupanda kwa maji ya ziwa katika miaka ya karibuni kumemeza sehemu za ufuko na baadhi ya majengo yaliyokuwa kando ya maji, hivyo njia uliyoelekezwa na mtu aliyepita hapo zamani huenda haipo tena.

Baada ya Kibirizi njia hubanwa kati ya kilima na ziwa. Ni ya mawe, ina makorongo yanayotengenezwa na mvua, na tairi nyembamba za baiskeli ya lami hazifai hata kidogo. Anayeweza kuvumilia hayo hupata mwambao mtulivu, mitumbwi iliyopumzishwa chini ya miti, na mandhari ya milima inayoendelea kaskazini hadi Gombe.

Je, ninaweza kufika Hifadhi ya Gombe kwa baiskeli?

Hapana. Gombe hufikiwa kwa boti, na ndani ya hifadhi hutembewa kwa miguu ukiwa na mwongozaji. Iko takriban kilomita 16 kaskazini mwa mji na ni miongoni mwa hifadhi za taifa ndogo kabisa nchini. Ilipata hadhi hiyo mwaka 1968, miaka minane baada ya Jane Goodall kufika hapo Julai 1960 na kuanza utafiti wa sokwe mtu uliodumu hadi leo. Unachoweza kufanya ni kuendesha hadi Kibirizi, kuiacha baiskeli kwa mtu unayemfahamu, na kupanda boti. Taratibu na ada za hifadhi hupatikana TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na ni vyema uzikamilishe kabla ya siku ya safari. Mwenye mafua au kikohozi aahirishe, kwa kuwa sokwe huambukizwa magonjwa yetu kwa urahisi na huweza kufa kwayo.

Nimezoea milima na nataka njia ya siku nzima. Unanishauri nini?

Nenda Kalinzi. Hii ndiyo safari kubwa ya mwendesha baiskeli wa Kigoma, na inastahili maandalizi. Unatoka mjini kwa lami hadi Mwandiga, takriban kilomita 10, ambako barabara hugawanyika: mmoja wa mikono yake huelekea Kidahwe na Kasulu, na mwingine huelekea kaskazini hadi Manyovu mpakani mwa Burundi. Fuata huu wa Manyovu. Kuanzia Bitale hali ya nchi hubadilika taratibu. Michikichi hupungua, migomba huongezeka, hewa hupoa, na barabara huanza kuzunguka mabega ya milima kwa kona ndefu.

Mashamba ya kahawa ya Kalinzi yako zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo aliyeanzia ziwani huwa amepanda zaidi ya mita 700 kabla ya kuhesabu mabonde anayoshuka na kupanda tena njiani. Usiikabili njia hii kwa hasira. Chagua mwendo unaokuruhusu kuzungumza, simama kila unapopata kivuli kizuri, na usione aibu kushuka na kukokota, maana wenyeji wenye baiskeli zilizobeba ndizi au madumu ya mawese hukokota sehemu zilezile kila siku na hakuna anayewacheka. Kahawa ya huku ni Arabika, hupandwa pamoja na migomba na maharage, na huchanua maua meupe siku chache baada ya mvua za mwanzo. Harufu yake barabarani asubuhi ni sababu ya kutosha ya kuvumilia matope ya Novemba.

Kwenye miinuko ya juu, geuka nyuma mara kwa mara. Kuna sehemu ambazo ziwa huonekana kati ya milima miwili, mbali na chini sana, na kuna sehemu ambazo unaona wazi jinsi miteremko iliyokatwa miti ilivyochanika kwa makorongo, kando ya miteremko ambayo wanakijiji wameamua kuiacha iote upya. Kazi hiyo ya kurudisha misitu ya vijiji, iliyopata msukumo kupitia TACARE, mpango wa Taasisi ya Jane Goodall ulioanzishwa mwaka 1994, haina kibao kikubwa wala kiingilio, lakini kwangu mimi ni miongoni mwa mambo yanayostahili kutazamwa sana katika wilaya hii, kwa sababu chemchemi zinazotiririka hadi vijiji vya mwambao zinaitegemea.

Kurudi ndiko kunakohitaji akili zaidi. Mteremko ni mrefu, malori yapo, na mwili umechoka. Ondoka Kalinzi kabla ya saa tisa alasiri ili giza lisikukute kwenye kona.

Baiskeli gani inafaa, na je, isiyo na gia inaweza?

Kwa Ujiji na Luiche, isiyo na gia inaweza bila shida. Kwa Bangwe na Katonga inaweza kwa mtu aliye tayari kukokota. Kwa Kalinzi utateseka, ingawa wapo wanaofanya hivyo kila wiki kwa sababu ya riziki. Tairi pana zenye meno hufaa zaidi kuliko nyembamba, kwa kuwa hata kwenye lami utalazimika kushuka pembeni kupisha magari.

Katika milima hii gia ni starehe, lakini breki ni uhai. Kabla ya kutoka, kagua raba za breki zisiwe zimelika hadi kwenye chuma, kagua waya usiwe umechanika nyuzi karibu na mkono wa breki, na jaribu breki zote mbili ukiwa unatembea. Kwenye mteremko mrefu punguza mwendo mapema kabla ya kona, tumia breki za mbele na nyuma pamoja, shika na kuachia badala ya kubana muda wote, kwa sababu rimu hupata moto na joto hilo linaweza kupasua tyubu. Rimu zikiwa zimelowa, breki za raba huchelewa kushika, hivyo baada ya mvua anza kubana mapema zaidi. Mzigo ufungwe kwenye keria kwa mpira, usining'inie kwenye usukani.

Beba tyubu ya akiba, viraka na gundi, pampu, spana ya kufungulia magurudumu, na maji yasiyopungua lita mbili. Mafundi baiskeli wako Mwanga, Gungu, Ujiji na Mwandiga, na wengi wao ni hodari kwa baiskeli za kawaida. Vipuri vya baiskeli za kisasa zenye breki za diski, hata hivyo, usitegemee kuvipata hapa.

Vipi usalama kati ya magari?

Kaa kushoto, vaa nguo za rangi inayoonekana, na kofia ngumu uvae hata kama wewe ndiye peke yako uliyeivaa. Hatari kubwa zaidi si lori linalopiga honi, kwani hilo umelisikia, ni bodaboda inayoshuka mlima injini ikiwa imezimwa ili kuokoa mafuta, ambayo haisikiki mpaka iko ubavuni mwako. Angalia nyuma kabla ya kukwepa shimo. Na unapokutana na mwenye baiskeli aliyebeba mkaa au ndizi akishuka, mpishe wewe: mzigo wake ni mzito, breki zake zimechoka, na kusimama ghafla kwake ni kuanguka.

Nikipita vijijini nifuate utaratibu gani?

Salimia. Mzee hupewa shikamoo yake hata kama unapumua kwa shida, na ukitaka kusimama kwa muda au kupiga picha katika mwalo, shambani au kwenye mashine ya mawese, omba kwanza. Vijiji vina wenyeviti na ofisi. Ukiwa kundi kubwa, kupitia hapo kujitambulisha ni heshima, na mara nyingi utapewa kijana wa kukuonyesha njia, ambaye ni haki umlipe. Usipige picha bandarini, stesheni wala kwenye majengo ya vyombo vya ulinzi bila ruhusa. Mavazi ya baiskeli yanayobana hayapendezi Ujiji na katika vijiji vingi, kwa wanaume na kwa wanawake. Suruali nyepesi au kitenge juu yake vinatosha kuondoa tatizo.

Nitakula nini njiani?

Mwandiga kuna mihogo ya kuchoma, mahindi kwa msimu, maandazi na chai. Kalinzi kuna ndizi za kila aina. Ufukoni na mjini tafuta ugali kwa migebuka au dagaa waliopikwa kwa mawese, chakula kizito ambacho ni bora ukile baada ya safari.

Je, watoto wanaweza kushiriki?

Wanaweza katika njia ya Luiche wakati wa kiangazi, wakiwa na mtu mzima mbele na mwingine nyuma. Barabara ya lami ya Ujiji haiwafai siku za kazi. Milima ya Katonga na ya Kalinzi isubiri hadi mtoto awe na uwezo wa kudhibiti breki mwenyewe kwenye mteremko mrefu.

Nahitaji vitambulisho au vibali?

Beba kitambulisho cha taifa, na mgeni kutoka nje ya nchi abebe pasipoti yake. Mkoa huu unapakana na Burundi na, kwa ziwa, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hivyo maofisa wa uhamiaji na polisi hukagua watu barabarani, hasa upande wa Manyovu. Ukaguzi huo ni wa kawaida na humalizika upesi kwa aliye na karatasi zake.

Ninatoka Tabora au Dar es Salaam. Nitaileta vipi baiskeli yangu?

Kwa reli ndiyo njia ninayoipendekeza. Reli ya Kati inasafiri takriban kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, kupitia Tabora, na baiskeli hupokelewa kama mzigo na kulipiwa peke yake. Fika stesheni mapema ili ipimwe na kuandikiwa stakabadhi, ondoa pampu, taa na kila kinachochomoka, legeza usukani na uugeuze ulingane na fremu, funga mnyororo kwa kitambaa usichafue mizigo ya wengine, na andika jina lako na stesheni unayoshukia kwenye kadi ngumu uifunge katika sehemu mbili tofauti. Kwa basi inawezekana pia, lakini patana nauli ya baiskeli kabla haijawekwa kwenye buti, na uhakikishe imelazwa juu ya magunia na si chini yake. Ukishuka Kigoma, irekebishe hapo hapo uwanjani mbele ya stesheni na jaribu breki zote mbili, kwa sababu barabara inayokusubiri nje ya lango inaanza na mlima.